Mashine yetu ya kuoshea vyombo ina miaka 9: tubadilishe pampu au tununue nyingine?

Swali: Fundi, shikamoo. Mashine yetu ya kuoshea vyombo inatimiza miaka 9 sasa. Kwa miezi kama mitatu hivi glasi na vikombe vya treya ya juu vinatoka na chembechembe na ukungu mweupe, ingawa sahani za chini zinatoka safi. Mara nyingine nakuta maji yametuama chini baada ya mashine kumaliza kazi, na mngurumo wake umeongezeka. Tulimwita fundi, akaisikiliza kwa dakika kumi, akasema pampu kuu imekufa. Bei aliyotutajia, pampu pamoja na kazi, inakaribia nusu ya bei ya mashine mpya. Mwaka jana tulishabadilisha mpira wa mlango. Mume wangu anasema tusiendelee kumwaga hela kwenye mashine iliyozeeka, tununue mpya. Mimi roho inasita. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na jibu lenyewe: msinunue pampu, na msinunue mashine. Bado. Dalili ulizozieleza hazinionyeshi pampu iliyokufa. Zinanionyesha kwamba kuna mahali pameziba, pengine hata pawili. Mmewekwa njia panda mchague kati ya gharama mbili kubwa, na ugonjwa wenyewe haujapimwa.

Tuanze na hizo sahani zako za chini. Ndani ya mashine hii kuna pampu mbili. Moja ni kubwa, kazi yake ni kuzungusha maji: huyavuta kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya chujio na kuyasukuma kwa nguvu hadi kwenye mapanga, yale mabawa yenye vitundu yanayozunguka. Nyingine ni ndogo, nayo kazi yake ni kutoa maji machafu nje, basi. Pampu kubwa ndiyo inayolisha panga la chini na la juu pia. Ikifa, treya zote mbili huumia, na ile ya chini yenye masufuria na sahani za mafuta haiwezi kunusurika. Sahani zako zinatoka safi. Pampu iliyokufa haioshi sahani.

Kwa nini basi juu kunachafuka? Maji ya juu yana safari ndefu zaidi. Hupanda kwa bomba lililo nyuma ya sanduku la ndani, kisha huingia kwenye panga kupitia kiungo kidogo cha plastiki, na kwa mashine nyingi kiungo hicho hukutana na bomba pale tu treya inaposukumwa mpaka mwisho. Tena treya nyingi za juu zinaweza kupandishwa na kushushwa. Upande mmoja ukibaki juu na wa pili ukiwa chini, kiungo hakikai sawasawa, na sehemu ya maji huvujia pembeni kabla ya kulifikia panga. Nimeitwa zaidi ya mara moja kuangalia "pampu dhaifu" nikakuta treya imekaa upande tangu siku mtu alipoishusha apate nafasi ya glasi ndefu. Kazi ya sekunde tano. Naona haya kudai hata nauli.

Kama treya imekaa sawa, litoe panga lenyewe. Aghalabu hushikiliwa na nati ya plastiki inayofunguliwa kwa mkono, au huchomoka kwa kuvutwa tu. Litikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza ndani, ni mbegu, kipande cha plastiki au ukoko wa chokaa uliomeguka. Tazama kila kitundu ukilielekeza panga kwenye mwanga. Kilichoziba kichokonoe kwa kijiti cha meno, kisha pitisha maji ya bomba kwa nguvu kwenye lile tundu la katikati mpaka yatoke kote bila kukatika. Kama ni chokaa iliyoganda, liloweke usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki (ile asidi ya limau). Watu hupenda siki, nami siikatai kwa mara mojamoja, ila kuimwaga ndani ya mashine kila wiki hapana, kwa sababu huidhoofisha mipira.

Ukishalirudisha, lipe mtihani. Lielekeze upande utakaoukumbuka, anzisha mashine, subiri dakika chache baada ya maji kuanza kuruka, kisha simamisha na ufungue. Limehama? Rudia mara mbili, maana linaweza kuzunguka likarudi palepale likakudanganya. (Wapo wanaofunga simu kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka ndani irekodi. Nimeletewa simu mbili za namna hiyo nizikaushe. Moja haikuamka.) Ikiwa panga ni safi, treya imekaa vizuri, na bado halizunguki, mshukiwa anayefuata ni vali ya kugawa maji. Mashine nyingi za kisasa hazirushi maji juu na chini kwa wakati mmoja. Huyapeleka kwa zamu, na vali hiyo ikikwama panga moja hukosa zamu yake. Hiyo nayo ni spea ndogo ukiilinganisha na pampu.

Sasa maji yanayotuama. Kwanza tofautisha. Maji kidogo yanayobaki ndani ya kishimo, chini ya chujio, ni ya kawaida. Yanazuia mipira ya pampu isikauke na kupasuka. Yakipanda juu ya chujio na kutanda kwenye sakafu ya sanduku, hapo pana kasoro, na kasoro hiyo yaweza kuwa ndiyo inayokuchafulia glasi. Maji machafu yasipotoka yote huchanganyika na maji ya kusuuzia, na mashine, kwa uaminifu wake wote, huyanyunyizia tena vyombo vyako pamoja na taka iliyotoka kwenye sahani. Glasi huonyesha chembe ambazo sahani ingezificha.

Kabla hujagusa chochote, kata umeme kwa kuchomoa plagi au kuzima swichi ya njia yake. Usiamini kitufe cha kuzimia kilicho mlangoni. Chota maji kwa kikombe, malizia kwa sponji, toa chujio na ulioshe kwa brashi laini. Kisha vaa glovu nene. Narudia, glovu nene, kwa sababu kile kishimo ndipo glasi zote zilizowahi kuvunjika humo huishia, na vipande vyake havionekani ndani ya maji. Kwa mashine nyingi utakuta kifuniko kidogo cha plastiki pembeni mwa kishimo. Kikitoka, unaona feni ndogo ya pampu ya kutolea maji. Izungushe kwa ncha ya kijiti. Inapaswa kuzunguka kwa kurukaruka, kama inayojivuta hatua kwa hatua. Usiogope, hiyo ni sumaku iliyo ndani yake. Ikiwa haisogei kabisa, kuna kitu kimeibana: kigae cha glasi, mfupa, mbegu, lebo ya chupa iliyobanduka. Kiondoe na kazi imekwisha. Ikiwa inazunguka vizuri, fuata bomba la maji machafu huko nyuma uone kama limekunjika au limebanwa na kabati, kisha angalia pale linapoungana na bomba la sinki, ambapo mafuta hupenda kuganda yakabakisha njia nyembamba kama ya mrija.

Huo mngurumo mpya pia una lugha yake, na dakika kumi za kusikiliza zingetosha kama msikilizaji angejua anasikiliza nini. Sauti ya kukwaruza au kugongagonga ni kitu kigumu kilichoingia kwenye pampu. Sauti inayopanda na kushuka, kama pampu inavuta pumzi, ni maji machache: pampu inameza hewa. Hilo hutokea vali ya kuingizia maji inapoziba kwa mchanga kwenye kichujio chake kidogo, au bomba la ukutani likiwa halijafunguliwa lote. Ili kujua, simamisha mashine baada ya kujaza na kuosha kidogo, fungua, uache maji yatulie. Yanapaswa kuwa yamefika usawa wa chujio au kulifunika kidogo. Mtu aliyezoea mashine za zamani ataona ni machache mno, lakini mashine za siku hizi hutumia lita tatu au nne tu kwa kila mjazo. Sauti ya kuvuma "mmmm" bila maji kuruka ni injini inayotaka kuzunguka ikashindwa. Na sauti kali ya chuma inayokua wiki hadi wiki ni beringi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoipa hoja ya fundi wako uzito. Hizo nyingine hazimsaidii.

Ukungu mweupe ni jambo la pembeni, lakini nimeona watu wakinunua mashine mpya kwa sababu yake halafu wakalia tena mwezi uliofuata. Chukua glasi moja, isugue kwa siki. Ukungu ukitoka, ni chokaa ya maji magumu: ongeza chumvi ya mashine kama yako ina kilainishi cha maji, jaza dawa ya kusuuzia, angalia sabuni unayotumia. Chumvi ya mezani usiitie, kwa sababu ni laini mno, huganda, na mara nyingi ina viungio visivyotakiwa humo. Ukungu usipotoka kwa siki, basi kioo chenyewe kimelika kwa joto na sabuni miaka yote hiyo, na hakuna mashine itakayokurudishia mng'ao wake. Kuna pia historia kidogo hapa. Sabuni za zamani zilikuwa na fosfati, ambayo ilikuwa hodari kuyadhibiti maji magumu lakini ilistawisha mwani kwenye mito na maziwa. Majimbo kadhaa ya Marekani yaliizuia mwaka 2010, na Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo kuanzia Januari 2017. Tangu hapo malalamiko ya ukungu mweupe yaliongezeka, na mashine nyingi zisizo na kosa zikatupiwa lawama.

Tuseme umefanya yote hayo na hali ni ileile. Mrudie fundi, au mtafute mwingine, ila safari hii asikilize kwa multimita, yaani kipimo cha umeme. Mwombe akupimie pampu mbele yako na akuonyeshe kinachomfanya aseme imekufa: koili iliyokatika, beringi iliyolegea, maji yanayovuja kwenye shafti. Fundi mzuri haoni tabu kukuonyesha. Ukiona anakasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu la swali lingine. Muulize pia kama pampu anayoitaka inakuja na hita ndani yake. Kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni vitu hivyo viwili vimeunganishwa kuwa kimoja, ndiyo maana bei inashtua, lakini pia ndiyo maana unapata viungo viwili vipya kwa mkupuo. Kwenye baadhi ya mashine za zamani, pampu inayovuma bila kuzunguka hukosa kapasita tu, kijidubwasha kinachotoshea kiganjani, chenye bei ya kuchekesha ukilinganisha na pampu nzima.

Na ikithibitika kweli kwamba pampu imekufa? Hapo namrudia shemeji, maana katika hilo ana hoja nzuri kuliko anavyodhani.

Watu hupenda kanuni ya nusu: tengenezo likizidi nusu ya bei ya mashine mpya, achana nalo. Mimi siipendi kwa sababu haiulizi umri. Chukulia bei ya mashine mpya ni 100, na ukiongeza kuifunga na kuiondoa ya zamani ifike 110. Mashine ya nyumbani ya kawaida huishi miaka 10 hadi 12. Basi mashine mpya inakugharimu kama 10 kwa mwaka. Sasa weka tengenezo la 45 kwenye mashine ya miaka 9. Ukipata miaka mitatu zaidi kabla kitu kingine hakijaharibika, umelipa 15 kwa kila mwaka. Ukipata miwili, umelipa zaidi ya 22. Hasara. Tengenezo hilohilo la 45 kwenye mashine ya miaka 4 linakununulia miaka sita au zaidi, yaani chini ya 8 kwa mwaka. Faida. Na tengenezo la 20 kwenye mashine yenu ya miaka 9, hata likikupa miaka mitatu tu, ni chini ya 7 kwa mwaka. Kwa hiyo kwa umri wa mashine yenu mimi kikomo changu ni robo ya bei ya mpya. Kwa mashine changa nafika nusu. Ikishapita miaka 12 nagusa vitu vidogo tu: mpira, bomba, kitasa cha mlango, magurudumu ya treya.

Ule mpira wa mlango mliobadilisha mwaka jana usiutie kwenye hesabu. Hela hiyo imeshatoka, haiongezi sababu ya kuitunza mashine wala ya kuitupa. Mipira huchakaa kama matairi, na kuibadilisha mara moja ndani ya miaka 9 ni maisha ya kawaida. Ningeshtuka kama ungeniambia mmebadilisha mpira, kisha hita, kisha bodi ya umeme inayoiongoza mashine, yote ndani ya miezi kumi na minane.

Ila hesabu yote hiyo inafaa tu kama mwili wa mashine ni mzima, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaoanza kwa kuuliza mwaka wa kununuliwa. Pampu, hita, vali, mapanga, mipira, hivi ni viungo, na viungo hubadilishwa. Mwili ni lile sanduku la ndani, fremu, na bawaba zinazobeba mlango. Mwili ukioza hakuna dawa. Chukua tochi upige magoti. Sanduku la plastiki lenye ufa haligundishwi, kwa sababu joto na sabuni vitaifungua gundi yoyote utakayoweka. Kutu iliyotoboa sakafu ya sanduku, hasa kuzunguka kishimo, ni mwisho wa safari. Bawaba zilizochanika pamoja na bati lililozishika, vilevile. Lakini usichanganye kutu na madoa ya rangi ya kahawia kwenye chuma cha pua. Hayo mara nyingi ni madini ya chuma yaliyomo majini au kutu ya kisu cha bei rahisi, na hufutika. Kutu kwenye nyaya za treya nayo si msiba. Kuna rangi maalumu na vikofia vya plastiki vya kuzifunika, na ni afadhali, maana treya mpya huuzwa ghali kuliko inavyostahili kitu kilichotengenezwa kwa nyaya.

Na kuna jambo moja ambalo halina hesabu: harufu ya kuungua. Ukinusa plastiki iliyoungua karibu na paneli ya vitufe, au ukiona plagi imebadilika rangi, zima, chomoa, usiiwashe tena mpaka ifunguliwe. Mashine hii inachanganya maji na hita yenye nguvu kama ya birika kubwa. Angalia pia namba ya modeli, iliyoandikwa kwenye ukingo wa mlango, kwenye tovuti ya kiwanda. Kumewahi kuwa na mashine zilizoitwa kurudi kiwandani kwa hatari ya moto, na tengenezo la namna hiyo kwa kawaida halilipiwi na mteja.

Nikukiri kosa langu moja kuhusu bodi ya umeme, ili siku fundi akikutajia bodi ujue la kuuliza. Mteja mmoja mashine yake ilikuwa ikizima katikati ya kuosha, siku inafanya, siku haifanyi. Nikabadilisha bodi, spea ghali kuliko zote. Baada ya wiki tatu ikarudia yaleyale. Kumbe ni waya mmoja uliokatika ndani ya ganda lake pale chini ya mlango, ambapo nyaya hukunjwa na kukunjuliwa kila mlango unapofunguliwa, maelfu ya mara. Kwa macho ulikuwa mzima kabisa. Tangu siku hiyo sigusi bodi kabla sijapima nyaya za mlango. Na hata zile namba za hitilafu zinazojitokeza kwenye skrini zisikutishe: zinataja kile mashine ilichokihisi, wala si spea iliyoharibika. Mashine ikisema maji hayatoki, imehisi tu kwamba maji hayatoki. Kama ni pampu, bomba lililokunjika au lebo ya chupa, haijui.

Shemeji huenda akaleta hoja ya umeme na maji, kwamba mpya itajilipa yenyewe. Kwa mashine ya miaka ya 1990 ningekubaliana naye, kwani nyingi za enzi hizo zilikunywa lita 25 na zaidi kwa mzunguko mmoja. Ya miaka 9 tayari ni ya kizazi cha ubanaji. Ikitumia lita 12 na mpya ikatumia 9 au 10, hutaiona tofauti kwenye bili. Umeme mwingi humo huenda kwenye kupasha maji. Chukua tofauti ya theluthi moja ya uniti kwa kila uoshaji, mara 250 kwa mwaka: ni kama uniti 80, sawa na pasi ya wati 1000 ikiwaka saa 80. Si bure, lakini haijalipa mashine mpya hata kwa miaka mingi. Kama mnataka kuokoa, acheni kusuuza vyombo kwenye sinki kabla ya kuvipanga. Kwanguweni mabaki, mpange, muoshe treya zikiwa zimejaa, kwa mzunguko wa kubana matumizi.

Mkiishia kununua, jiandaeni kwa mambo mawili ambayo wateja hunipigia simu wakidhani mashine yao mpya ni mbovu. Mzunguko wa kubana matumizi huchukua saa tatu hadi nne, kwa makusudi: joto likipunguzwa, muda huongezwa. Na nyingi hazina ile hita iliyo wazi ya kukaushia, kwa hiyo vyombo vya plastiki hutoka na unyevu. Zile zinazojifungua mlango kidogo mwishoni hukausha vizuri zaidi. Upana wa kawaida ni sentimita 60 au 45, lakini pimeni kimo mbele na pia nyuma kabisa ya tundu la kabati. Kama sakafu iliwekwa vigae baada ya mashine ya zamani kufungwa, tundu limefupika, na hata hiyo ya zamani itagoma kutoka mpaka miguu yake ishushwe. Kuhusu spea, sheria za Umoja wa Ulaya zilizoanza Machi 2021 zinawataka watengenezaji wawe na pampu, hita na bodi kwa mafundi si chini ya miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na mipira, mapanga, machujio na treya si chini ya miaka 10, hizi za pili hata kwa mteja wa kawaida. Modeli inayouzwa humo pia ni dalili njema hata kwako uliye kwingine: ulizeni muuzaji kabla ya kulipa.

Mimi huwa nakumbuka kwamba Josephine Cochrane alipopata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine yake ya kuoshea vyombo huko Marekani, Desemba 1886, wazo lake lilikuwa vyombo vikae kwenye vizimba vya nyaya na maji yarushwe juu yake kwa nguvu. Mashine yako, na skrini yake yote, bado inafanya hivyohivyo. Maji yasipofika kwenye glasi, kwanza tafuta kilichoyazuia njiani.

Kwa hiyo Jumamosi moja itatosha: treya, panga la juu, chujio, kile kishimo, bomba la nyuma, kwa mpangilio huo. Kisha iendeshe tupu mara moja kwa joto la juu ikiwa na asidi ya sitriki, na mara ya pili iwe na vyombo. Glasi zikitoka safi na sakafu ikabaki bila maji, mmemaliza. Zikikataa, mwite fundi mwenye multimita, na bei yake ikizidi robo, shemeji ameshinda. Ila kabla hawajaibeba ya zamani, chomoeni treya zote mbili, mapanga na ule mpira wa mlango wenye mwaka mmoja, muwekee fundi. Hizo ni spea anazozitafuta kila siku, na hakuna ubaya akiwapunguzia bei ya kufunga mpya kwa ajili yake.